Mitetemo Minne

Karakana ya piano, chumba cha nyuma
3 Februari

Shikamoo Mjomba,

Huku sote wazima, ukiondoa mafua yaliyopiga kambi karakanani tangu Jumatatu. Tunapiga chafya kwa zamu. Mkazamjomba anaendeleaje na goti lake? Mwambie dawa ya kuchua nimeipata, nitamletea mwenyewe. Mama ameniandikia kwamba umepaka mlango wa karakana yako rangi ya kijani, na kwamba ni kijani cha kuumiza macho. Mimi sisemi kitu.

Sasa habari yenyewe. Bosi amenipa kisanduku changu mwenyewe! Ni kidogo tu, kinaingia kwenye mkoba, na mbele kina kioo chenye mshale. Ukigonga kibao cha piano, mshale unakuonyesha kama sauti imeshuka au imepanda. Unakaza uzi mpaka mshale usimame wima, basi, unahamia uzi mwingine. Najua sasa hivi umeweka barua chini na kumwita mkazamjomba aje asikie maajabu. Rudi usome, sijamaliza.

Mjomba, nilikaa mwaka mzima pembeni yako nikitega sikio. Ulikuwa unaniambia: nyuzi mbili zisipopatana zinatoa mawimbi, wa-wa-wa, kaza taratibu mpaka wimbi lilale. Nikawa natikisa kichwa kwamba nasikia. Sikuwa nasikia chochote. Nilikuwa naangalia uso wako: ukikunja paji nakaza, ukilegeza naacha. Siku ile uliyonipa kisogo ndiyo siku niliyokata uzi wa piano ya shule, nikalia mbele ya darasa zima, na wiki iliyofuata nikafunga mzigo. Huku hakuna anayeniuliza nasikia nini. Wiki iliyopita nimetuni piano tano na hakuna mteja aliyerudi.

Mwezi ujao nakuja kumwona mtoto wa dada. Usinifungie huo mlango wa kijani.

Mpwa wako,
Fundi Mkuu
(Si ndivyo unavyoniita tangu nikiwa na miaka mitano? Angalau sasa nimeanza kustahili.)


17 Februari

Mpwa wangu Fundi Mkuu,

Marahaba, na poleni na mafua. Goti la mkazamjomba wako linatabiri mvua kuliko redio, kwa hiyo hatuna haraka ya kuliponya. Mlango ni kijani kwa sababu kopo lilikuwa la kijani. Mama yako alitaka nipake nini, zambarau?

Kabla hujaniuliza tena kwa nini sipigi simu kama watu wengine: simu ni ya kuambiana chakula kimeiva. Mambo ya maana yanaandikwa, ili mtu akikosea aoneshwe alipokosea.

Kuhusu kisanduku, hongera. Nina swali moja tu. Betri ikiisha katikati ya kazi, utamalizia kwa maombi? Halafu huo mshale unakwambia uzi umefika, lakini hauwezi kukwambia uzi umechoka. Uzi uliochoka unasikika kwanza mkononi, kwenye spana, hata kwenye huo mkono wako wa kushoto unaoshika spana kama unakoroga uji.

Na sasa nami nikwambie la kwangu. Nilijua husikii. Nilijua tangu wiki ya pili. Nilikuwa nakunja uso makusudi kuona kama utanifuata, na ulinifuata kama kondoo. Siku ile nilikupa kisogo ili ubaki na sauti peke yenu. Niliwahi mno, mpwa wangu. Uzi ulikatika kwa kosa langu, si kwa kosa lako, na nimekaa na jambo hili miezi minane nikitafuta pa kulianzia.

Njoo. Ila kisanduku kiache hukohuko. Si kwa ubaya, ni kwamba kwangu kuna kitanda kimoja tu cha wageni.

Mjomba wako


29 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimefika salama, nimelala saa kumi na mbili mfululizo. Mtoto wa dada ni mzuri sana, na ana sauti kubwa isiyohitaji kutuniwa na mtu yeyote. Nimekuwa mama mdogo, sasa mniheshimu. Mshukuru mkazamjomba kwa zile siku tisa. Nimerudi nimenona.

Asante kwa yale uliyoandika kuhusu kisogo. Nilipokuwa kwako nilitaka kukwambia ana kwa ana, nikaishia kusifu mlango. Basi nasema hapa: nilikuwa nimekukasirikia, na sasa sijakukasirikia tena.

Nina swali dogo. Uma wako wa sauti, ule wa chuma unaougonga kwenye goti kabla ya kuanza kazi, una umri gani? Umewahi kuanguka? Nimeona hukuniachia niushike hata mara moja, ukawa unaurudisha mfukoni kama mtu anayeficha peremende. Nina sababu ya kuuliza, nitakwambia ukinijibu. Kuuliza si ujinga.

Mpwa wako


20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mjukuu wangu, ambaye sasa anacheka. Anacheka akiniona mimi tu. Baba yake anadai ni gesi tumboni, lakini huyo tumemzoea.

Goti la mkazamjomba limekubali dawa yako, na matokeo yake juzi tumenyeshewa bila taarifa.

Sasa kaa chini nikupe habari. Unamkumbuka meneja wa ukumbi, yule mama tunayemwita Ratiba kwa sababu hata kupiga miayo anapanga saa yake? Amemwalika mpiga kodiani, kile kinanda cha kukunja na kukunjua kifuani, msanii mkubwa anayezunguka miji, aje apige pamoja na piano yetu. Tarehe kumi na nne Juni. Matangazo yameshabandikwa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, wameandika kwamba piano imetuniwa na mimi! Miaka thelathini na moja nautunza ukumbi ule, ni mara ya kwanza kuandikwa. Mkazamjomba amebandua tangazo moja ukutani na kulileta nyumbani. Nimemkemea, kisha nikaliweka kwenye fremu.

Umeniuliza kuhusu uma. Mlango umekauka vizuri sana.

Mjomba wako


28 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Leo sina habari za familia, zitafuata baadaye. Nimeandika barua hii mara tatu na mbili nimezichana.

Kisanduku nilikuja nacho. Kilikuwa kwenye mkoba, chini ya nepi za mtoto. Siku ulipokuwa unakunywa chai na Ratiba ofisini kwake, mimi niliingia ukumbini nikagonga noti ya la, ile ya katikati. Dunia nzima imekubaliana kwamba la hiyo ni mitetemo mia nne na arobaini kwa sekunde. Piano yako ilitoa mia nne thelathini na sita. Nikasema sawa, piano ni kongwe, nyuzi zimelegea. Kesho yake nikapima ya shule. Mia nne thelathini na sita. Ya kwaya, hivyohivyo. Ya nyumbani kwa mama, ambayo hugongwa na paka tu, hivyohivyo!

Mjomba, piano zikishuka kwa uzee kila moja hushuka kivyake. Hizi zako zimeshuka kwa nidhamu. Zinapatana zenyewe kwa zenyewe vizuri kuliko piano yoyote niliyoigusa huku, ila zote ziko chini mitetemo minne. Kwa hiyo kosa haliko kwenye sikio lako. Liko kwenye uma.

Ningenyamaza, naapa. Lakini umeniandikia kodiani. Mpiga filimbi angevuta filimbi yake kidogo akashuka mlipo, na mwimbaji angeshuka bila hata kujua. Kodiani haishuki. Ndani ina vijilimi vya chuma vilivyokatwa kiwandani na havibembelezeki. Tarehe kumi na nne wakigonga la pamoja itakuwa wa-wa-wa-wa, mara nne kila sekunde, mbele ya ukumbi uliojaa, na jina lako liko ukutani. Hata mimi nisiyesikia nitasikia.

Na unajua kuliko mimi kwamba nyuzi kongwe huwezi kuzipandisha kwa siku moja. Zitakatika, au zitarudi chini usiku huohuo. Zinataka kupandishwa mara mbili, mara tatu, wiki kwa wiki. Tafadhali anza sasa. Chukua uma mwingine, au nikutumie kisanduku, au nije.

Sikuandika haya ili kisanduku kishinde. Huku nimewaambia watu wote kwamba mjomba wangu hajawahi kukosea. Sitaki mtu akucheke nami nipo.

Mpwa wako


19 Mei

Shikamoo Mjomba,

Wiki tatu sasa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nausubiri huo mshindo nikiwa nimeshika kichwa. Mama anasema u mzima, unakula, ila kutwa hushindi nyumbani na hutaki kuulizwa uliko. Mkazamjomba naye amemwambia mama kwamba yeye si msemaji wako.

Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Adabu naweza kuwa nimekosa. Hesabu sijakosa.

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na ushushe mikono kichwani. Barua yako ya Aprili ilifika asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo nilikuwa ukumbini na spana. Piano nimeipandisha mara tatu. Nyuzi tatu zimekatika, mbili za besi na moja nyembamba iliyonichapa shavuni. Nimezibadilisha. Leo asubuhi sauti imekaa palepale nilipoiacha juzi, ndiyo maana leo naandika. Sikutaka kukujibu kwa maneno kabla ya kazi.

Nimetumia uma mwingine, mzima. Ulikuwa umelala kwenye droo yangu miaka kumi na minane. Ndiyo, umesoma vizuri. Nilijua.

Huo wa zamani ulipata ajali. Kuna mtu mmoja, mwenye nia njema kabisa, aliuingiza kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani pale karakanani, akausugua kwa tupa pale chini meno yake mawili yanapokutana, mahali ambapo ukipunguza chuma sauti inashuka. Nami siku ile nilikuwa nimelalamika kwa sauti kwamba uma una kelele. Aliniletea mwenyewe, vumbi la chuma limemjaa hadi kwenye nyusi. Nilimshukuru, maana alikuwa amesimama anangoja kushukuriwa. Nikaugonga, nikausikiliza, nikaona hauna neno. Sikio langu linajua kupatanisha sauti mbili, mpwa wangu. Sauti moja ikiwa peke yake linaiamini tu, kama sikio la mtu mwingine yeyote. Nikaingia kazini nao.

Nusu mwaka baadaye nilikutana na fundi mwenzangu kutoka mji wa jirani, tukagonganisha uma zetu kwa mchezo tu. Wa-wa-wa-wa. Akacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeshatuni piano zote za mji huu, kila moja kwa kosa lilelile. Nikanunua uma mpya, nikarudi nimeazimia kuanza upya. Nani nikakutana naye njiani? Mwalimu wa kwaya. Akanishika mikono miwili, akaniambia tangu nituni piano yao, waimbaji wa sauti ya kwanza hawapigi tena ukelele kwenye noti za juu, na Mungu anibariki.

Ningefanyaje? Nikasema nitaanza wiki ijayo. Wiki ijayo imekuwa miaka kumi na minane. Kadiri siku zilivyopita ndivyo nyuzi zilivyozeeka zikiwa pale chini, na ndivyo ilivyokuwa vigumu kusema. Aibu ni yangu: fundi mzima nilikaa miezi sita bila kujua. Na yule mwenye nia njema sikutaka ajue kamwe. Mficha uchi hazai, wanasema, nami nimeficha mpaka tangazo likabandikwa.

Kisanduku chako kilisema kweli pale ambapo mji mzima tumenyamaza. Nakipa heshima yake. Kinaweza kulala kitandani, mimi nitalala kwenye kiti.

Mjomba wako


21 Juni

Mpwa wangu Fundi Mkuu,

Huku wote wazima. Mjukuu ameota jino moja na analitumia. Goti la mkazamjomba limepona kabisa, na sasa hatujui kesho itakuwaje.

Tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri, mpiga kodiani alikuja kujaribu. Mtu mfupi, mpole, kodiani inakaribia kumzidi kimo. Nilimwomba anipe la na aishike. Nami nikagonga la yangu. Ratiba alikuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi. Nikasikiliza. Hakuna wimbi. Limelala kama mtoto aliyeshiba. Yule bwana aliniangalia, akaitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea kufungua viatu vilivyokuwa vinambana. Watu hawakujua kitu. Walipiga makofi mpaka Ratiba akachelewesha ratiba. Mimi nilikaa safu ya nyuma karibu na mkazamjomba, na nilipofuta macho nilisingizia vumbi.

Ila Jumapili iliyofuata kwaya ilikuja kuimba ukumbini. Ewe mpwa wangu! Wamezoea piano yao, ile ya chini. Walipofika kwenye noti za juu walitoa sauti ambayo sitaielezea kwenye barua. Mwalimu wa kwaya amekuja kwangu amevimba, anataka niirudishe piano ilivyokuwa. Ratiba amesema juu ya maiti yake. Nimewaacha wanabishana mbele ya mlango wa kijani.

Ndani ya bahasha hii kuna ule uma. Sina tena moyo wa kuutumia, na wa kuutupa sina. Bado kuna piano ya kwaya, ya shule, ya mama yako na nyingine kama thelathini zinazoufuata uma huu. Tuzipandishe zote, au tuziache? Mimi nimezeeka na swali hili. Amua wewe.

Mjomba wako


4 Julai

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Salamu kwa mkazamjomba, na lile jino lipigwe busu kwa niaba ya mama mdogo wake.

Bahasha imefika jana. Niliutoa uma nikauweka chini ya taa ya meza ya kazi. Mikwaruzo bado ipo, mingi, ya mtu aliyefanya kazi kwa bidii. Kitu kimoja kilinishangaza: yote imelala upande usio wake. Nikachukua tupa kwa mkono wa kulia kama wanavyoshika wenzangu, haikukaa. Nikaihamishia mkono wangu wa kushoto. Ikaingia kwenye mikwaruzo kama mguu kwenye kiatu chake.

Nikakumbuka, Mjomba. Si yote. Nakumbuka nilipanda juu ya kopo la rangi ili nilifikie jiliwa. Nakumbuka gauni langu jeupe lilikuwa limekuwa la kijivu, nami najua Mama atanimaliza. Nikakuletea, nikasema, "Mjomba, nimekutengenezea." Ukaupokea kwa mikono miwili, ukanipiga vumbi kwenye gauni, ukasema, "Asante, Fundi Mkuu."

Miaka yote hii nilidhani unanitania kwa sababu navunja vitu. Na uliniambia kisanduku nisije nacho, nikadhani unaona wivu. Ulikuwa unanificha mimi. Umeubeba mji mzima mfukoni ili mtoto wa dada yako asijue. Nimelia, na karakana nzima imedhani ni mafua yamerudi.

Nilipomaliza kulia nikachukua uma wa karakana, ule wa mia nne na arobaini, nikaushika mkono mmoja, na wangu mkono mwingine. Nikazigonga zote mbili kwenye magoti kama unavyofanya wewe, nikazisimamisha juu ya ubao wa meza.

Wa-wa-wa-wa.

Sikuangalia mshale. Kisanduku kilikuwa kimefunikwa. Sikuangalia uso wa mtu, maana hapakuwa na mtu. Niliyasikia mawimbi, Mjomba, waziwazi, manne kwa sekunde, nikayahesabu kwa kidole. Nikazigonga tena na tena mpaka bosi akaja kuuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia sikiliza, akasema anasikia, nikamwambia hata mimi! Akaniruhusu nituni piano moja kuukuu bila kisanduku. Nimekesha siku mbili na uzi mmoja nimeukata. Nyingine zimelala.

Umeniambia niamue. Ya ukumbi ibaki juu, wageni waendelee kuja. Ya kwaya na ya shule na za watu ziache zilivyo. Zinapatana, na kwaya inazipenda. Mwambie mwalimu wa kwaya atakapotaka kuimba ukumbini anipe wiki tatu za kuwafundisha wale wa sauti ya kwanza kuvumilia.

Nakuja mwezi wa nane, na nikija sirudi. Nimeshamwambia bosi. Kisanduku ameniachia, nitakitumia ukumbini, kitanda tutagawana. Kwa hizo nyingine thelathini na kitu sitakihitaji. Nina uma wake, niliutengeneza mwenyewe.

Mpwa wako,
Fundi Mkuu